Aliyeandika "Guludumu"

Akina mama waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni Myanga ndio waliomwona kwanza. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, mwaka 2006, jua halijapanda vizuri, na walidhani ni mlevi aliyezidiwa njiani akalala mtaroni. Kisha mmoja wao akaona baiskeli upande wa pili wa barabara, gurudumu la nyuma limekunjika kama chapati, na kile kiti cha abiria kilichoshonewa kitambaa chekundu. Hakuna mtu Myanga asiyekijua kiti hicho. Wakatua mizigo yao, wakaanza kulia.

Saa mbili asubuhi Sajini Nekesa wa upelelezi, Bungoma, alikuwa amepiga magoti kando ya mwili wa Job, mwendesha boda boda. Aliomba kimya kwanza, kama alivyofanya kila mara kabla ya kuanza kazi. Askari aliyefuatana naye alikuwa amezoea. Alivua kofia, akangoja. Ndipo Nekesa akaanza kutazama. Vipande vya kioo cha taa. Rangi ya kijani kwenye fremu ya baiskeli. Na kwenye udongo wa murram wa barabara, alama za tairi zenye meno makubwa, za aina ambayo haivaliwi na matatu wala trekta la miwa.

"Afande, hapa hakuna cha kutafuta," alisema kijana mmoja wa boda boda. "Ni ile gari ya rally kutoka Kitale. Nyeupe na kijani. Wiki nzima imetulisha vumbi."

"Huendeshwa na nani?"

"Mwenyewe ni Naim." Kijana akasita. "Lakini fundi wake ni wa hapa hapa. Wekoye. Boma lao na la kina Job zimepakana."

Sally, mjane wa Job, alikuwa ameketi kwenye nyasi, khanga imemwanguka mabegani. Hakulia. Alimshika Nekesa mkono.

"Tunazika Jumamosi ijayo. Kama ni Wekoye, niambie kabla ya siku hiyo."

"Na kama si yeye?"

"Pia niambie. Watoto wangu hula kwa mama yake, wa kwake wakija kutoka Kitale hula kwangu. Sasa niwaambie nini?"

Nekesa hakuhitaji kufafanuliwa. Alizaliwa Bungoma, alijua. Mtu akimwaga damu ya jirani, nyumba hizo mbili haziketi tena kwenye sahani moja, na aliyemwaga hakanyagi matanga. Korti humfunga mtu miaka kadhaa ikamwachilia. Hili lingine hurithiwa na watoto.

Gereji ya Naim ilikuwa nyuma ya msikiti mjini Kitale. Nekesa alipofika mchana huo, gari la mashindano lilisimama katikati ya uwanja. Fenda ya kushoto, bati linalofunika gurudumu, ilikuwa mpya, haijapakwa rangi. Taa ya kushoto ilikuwa mpya pia.

Watu watatu walikuwa pale. Naim, mwenye gereji na dereva, alikuwa mrefu, mcheshi, na Kiswahili chake kilitiririka, kwa kuwa mama yake, Bi Zaitun, aliletwa na ndoa kutoka Mombasa na nyumbani kwao haikusemwa lugha nyingine. Gichuki alikuwa navigeta, yule anayeketi kando ya dereva na kumsomea njia. Ndiye pia aliyejua mambo ya umeme na kompyuta. Wa tatu alikuwa Wekoye, mikono imejaa grisi.

"Fenda hii imebadilishwa lini?" Nekesa aliuliza.

"Leo asubuhi," Wekoye alijibu. "Nilikuta imeumia, Naim akaniambia nibadilishe."

"Ngoja, bana," Naim akaingilia. "Nilikwambia ubadilishe kwa sababu wewe ndiye uliyeileta imeumia."

Wekoye akamgeukia polepole, spana mkononi. "Mimi?"

"Naim, anza wewe," Nekesa alisema. "Jana."

"Jana tulifanya mazoezi kule Myanga. Alasiri Gichuki akashuka Bungoma mjini kuchukua namba za mashindano. Mimi nikashika usukani peke yangu, nikarudi kupitia Kiminini. Magharibi ilinikuta hapa. Nikampa Wekoye funguo ajaribu breki, nikaenda zangu kuswali. Ameenda nalo wapi, muulize yeye. Nadhani alitaka kwao wamwone na gari kubwa."

"Hakunipa funguo!" Wekoye alisema. "Afande, mimi nilirara mapema, nyumbani kwangu Kipsongo, hapa hapa Kitale. Uliza mama watoto. Asubuhi nikakuta gari hapa, taa imekwisha. Akaniambia amegonga ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?" Naim akacheka. "Huyo ng'ombe ana jina?"

Wakaanza kurushiana maneno. Gichuki ndiye aliyewanyamazisha.

"Wacheni hizi kerere. Si kuna rekoda?"

Alifungua mlango wa abiria, akainamisha kiti. Chini yake kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, kilichochomekwa fungu la waya.

"Hii waya inatoka kwa breki," alimweleza Nekesa, akizifuata moja moja kwa kidole. "Hizi mbiri zinahesabu vile magurudumu yanazunguka. Hii iko kwa pedari ya mafuta. Hii kwa steringi. Gari ikianza kutembea, rekoda inaandika yenyewe, huiambii kitu. Jana yote iko hapa."

"Inajua ni nani anayeendesha?"

"Jina haijui. Rakini kira mtu na mguu wake. Naim anakanyaga breki kama mtu anaua nyoka. Wekoye anakanyaga kama mtu anaingia kanisani. Nikiona mstari tu, nakwambia ni nani."

Hata Wekoye alitabasamu. Gichuki akachukua kompyuta ya gereji, iliyokaa kwenye droo ambayo wote watatu waliifungua watakavyo, akaiunganisha na kisanduku kwa kebo. Alibonyeza hapa na pale. Kisha akaacha kubonyeza.

"Imefutwa," alisema. "Yote. Hata safari ya juzi."

"Imejifuta?"

"Haijifuti. Na ukiifuta yote inasahau hata majina ya waya, inakuwa kama imetoka dukani. Razima uipange upya, uandike: hii ni breki, hii ni nini. Ukiacha hivyo hivyo, mtu akiifungua anajua imeguswa. Huyu ameipanga upya. Ona."

Akageuza kioo cha kompyuta. Nekesa alisoma majina matano, moja chini ya jingine. BLEKI. GULUDUMU KULIA. GULUDUMU KUSHOTO. PETLOLI. USUKANI.

Naim alitoa kicheko kifupi. "Haya. Sasa afande, hapa ni nani husema guludumu?"

Macho yote yalimwendea Wekoye. Hata askari alifunika mdomo kwa mkono. Nekesa alihisi masikio yake yakipata moto. Alikumbuka chuo cha polisi, wenzake wakimwomba aseme "risasi" mara ya pili na ya tatu, kisha wakigaragara kwa kicheko.

"Hiyo lekoda mimi sijaigusa tangu Jumatano," Wekoye alisema.

"Lekoda," Naim alirudia chini kwa chini.

Nekesa hakuwa na njia. Alimpeleka Wekoye Bungoma, akamfungia seli. Mkuu wa kituo alifurahi. Gari lilikuwa limepatikana, mtu alikuwa amepatikana, na Ijumaa mtu huyo angesomewa mashtaka.

Jumapili Nekesa alikwenda kanisani na mwili wake tu. Mahubiri yalimpita. Lakini ulipofika wakati wa nyimbo, mama mmoja mnene aliyesimama kando yake aliimba kwa sauti kubwa, kwa moyo wote, na Nekesa akajikuta anamsikiliza. Yule mama aliimba "loho" katika ubeti wa kwanza, na katika ubeti wa pili akaimba "roho" sawasawa kama mtangazaji wa redio. Alisema "kurinda" mahali pa "kulinda". Neno lile lile likitoka mara ya tatu, likawa sawa tena.

Nekesa akaacha kuimba. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa kwao Bungoma. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe. Ulimi wao ulikwenda na kurudi. L ikawa R, R ikawa L, na mara nyingine kila moja ikakaa mahali pake. Lakini aliyeandika kwenye rekoda alikuwa na bidii ya ajabu. Kila R aliigeuza, asisahau hata moja, na kila L aliiacha ilivyo. Mtu anayekosea hakosei kwa utaratibu namna hiyo. Anayeigiza ndiye hufanya hivyo.

"Bwana, niongoze," alinong'ona, na mama mnene akaitikia amina.

Jumatatu alimpelekea Wekoye karatasi na kalamu seli.

"Nitasema maneno, wewe andika. Kile kinachosimamisha gari."

Wekoye aliandika BREKI.

"Kile kinachozunguka." Akaandika GURUDUMU. "Kinachotiwa kwenye tangi." Akaandika PETROLI.

"Unaandika sawa," Nekesa alisema.

"Si ni maneno ya kazi, afande? Yako kwa maboksi ya spea, nayasoma kila siku. Mdomo ndio unaniangusha. Mkono haujui mambo ya mdomo."

Nekesa akakunja ngumi mbili mbele ya kifua, akazizungusha kulia na kushoto kama mtoto anayecheza gari. "Na hii?"

STERINGI, aliandika Wekoye.

Nekesa aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu hivi kwamba Wekoye akaingiwa na hofu. "Nimekosea?"

"La. Wekoye, niambie ukweli. Unaogopa jela?"

"Jela ni kitu gani?" Alifuta macho kwa kiwiko. "Mimi na Job tulitahiriwa msimu mmoja. Nikikosa kumzika, hata nikiachiliwa kesho, nitarudi Myanga kwa mlango gani?"

Alibaki Gichuki. Naye alichanganya herufi, na hakuna aliyeijua rekoda kama yeye. Kufuta safari na kupanga upya ilikuwa kwake kazi ya dakika chache. Nekesa alimkuta gereji peke yake, Naim akiwa ameenda benki, akamwambia wazi kwamba anamshuku.

Gichuki hakukasirika. Alicheka mpaka akashika tumbo.

"Afande, umeishi na Wakikuyu kweri? Sisi tunasema kurara, rori, kerere. Yetu inaenda upande mmoja, L inakuwa R, basi. Guludumu? Hata nikirewa siwezi. Ona hapa, ameandika KULIA vizuri kabisa. Ningekuwa mimi naigiza ama nakosea, ungeona KURIA." Akaongeza kwa sauti nyingine, "Na hiyo Ijumaa nirikuwa Bungoma na watu wa mashindano mpaka usiku. Waurize."

"Nimeshawauliza," Nekesa alisema. "Rekoda hii ilipangwa na nani mara ya kwanza?"

"Wekoye. Nirimfundisha kuunganisha waya, halafu nikamwambia aandike majina mwenyewe, kwa Kiswahili, ndio sisi wote tuelewe."

"Mpango huo wa kwanza bado upo?"

Ulikuwepo, kwenye kompyuta, pamoja na safari ya mashindano ya Eldoret. Gichuki aliufungua. BREKI. GURUDUMU KULIA. GURUDUMU KUSHOTO. PETROLI. STERINGI.

Nekesa aliweka kidole kwenye neno la mwisho. "Wewe hiki unakiitaje?"

"Steringi. Kira mtu anaita steringi."

"Kila mtu?"

Gichuki aliinua kichwa. Kisha akatazama mlango wa ofisi ya Naim.

Kutoka hapo Nekesa alivuka ua hadi msikitini, akavua viatu penye ngazi, akaomba kuonana na mwadhini. Waliongea kwa muda mfupi, wamesimama. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyepata alichokitafuta na asikipende.

Alhamisi aliwakutanisha wote gereji. Wekoye alishushwa na askari, pingu mikononi. Naim alimwangalia mara moja tu, kisha akajishughulisha na kitambaa cha kufutia mikono.

"Naim, nisaidie," Nekesa alisema. Alizunguka gari akigusa kitu kimoja kimoja. "Hiki?"

"Gurudumu, afande. Leo tuna masomo ya ngumbaru?"

"Na hii hapa chini?"

"Pedali ya breki."

"Na hiki?"

"Usukani."

"Unamaanisha steringi."

"Steringi ni kuharibu lugha. Sisi kwetu ni usukani." Alisema hivyo akitabasamu, na tabasamu likabaki usoni hata furaha ilipomwondoka.

"Nani mwingine hapa husema usukani?" Nekesa aliuliza. Akamgeukia Naim. "Uliketi na kompyuta hii ukaandika kwa mdomo wa Wekoye. Breki ukaifanya bleki. Petroli, petloli. Kila penye R ulipaharibu, kwa sababu hivyo ndivyo unavyomchekesha mbele ya watu. Ukafika kwenye usukani. Neno hilo halina R, kwa hiyo hukuwa na cha kuharibu, ukaliandika ukapita. Hukufikiria kwamba Wekoye hajalitamka hata siku moja. Lilikuwa neno la kwenu."

"Neno moja, afande?" Sauti ya Naim ilikuwa imepanda. "Utanifunga kwa neno moja?"

"Sitakufunga mimi. Neno hilo lilinifanya nianze kuuliza upya, basi. Ulisema magharibi ilikukuta hapa, ukaenda kuswali. Mwadhini anasema hukuonekana magharibi wala isha, na alishangaa kwa sababu huikosi siku ya Ijumaa. Alipokuwa anafunga msikiti alikuona unafungua lango hili ukaingiza gari. Peke yako. Taa moja inawaka."

Naim alimgeukia Gichuki kama mtu anayeomba kuokolewa. Gichuki alikuwa anatazama chini.

Kisha Wekoye akazungumza, polepole, wala hakuwa na hasira.

"Naim. Ulipomwacha, Job alikuwa bado hai?"

Naim alijaribu kuegemea gari, mkono ukateleza, akaketi chini pale pale kwenye mafuta.

"Aliongea," alisema. "Jua lilikuwa usoni mwangu, sikumwona mpaka nilipomgonga. Nikasimama, nikarudi. Akaniambia nimsaidie kuinua baiskeli, ati amechelewa kwenda kumchukua mteja. Hakujua kwamba amevunjika. Alidhani ni baiskeli imeanguka tu."

"Ukaiinua?"

"Nilisikia watu wanakuja, wanaongea. Afande, wewe unajua vile dereva hufanywa akigonga mtu. Mawe, halafu kiberiti. Nikasema hao wanaokuja watamsaidia. Nikaondoka."

"Hawakupita njia hiyo," Nekesa alisema. "Alipatikana asubuhi."

Naim alijifunika uso. "Nilitaka kusema. Usiku ule nilitaka. Halafu nikafikiria mama, nikafikiria leseni, na watu wote wanaokula kwa hii gereji. Nikasema kama ni Wekoye, yeye ni mtu wa kwao. Ni jirani, watamwelewa. Watakaa chini wazungumze, wamsamehe. Mimi nani angenisamehe? Mimi ni mtu wa mbali."

Wekoye alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. "Wewe wangekuchukia wewe. Basi. Mimi wangenichukia na watoto wa watoto wangu. Miaka kumi tumekula pamoja, Naim, na hukuwahi hata kuniuliza kwetu tunaishi namna gani."

Nekesa alichukua funguo kwa askari, akafungua pingu za Wekoye. Zilikuwa bado na joto alipomvika Naim. Naim hakushindana. Alipokuwa anainuliwa alisema tu, "Mwambieni mama kabla hajasikia sokoni," na Gichuki akasema ataenda yeye.

Jumamosi Nekesa alimpeleka Wekoye Myanga kwa gari la polisi, ila aliliacha mbali wakatembea, asije akaonekana analetwa kama mfungwa. Alikuwa amempelekea Sally habari tangu Alhamisi. Lakini habari ikifika nyumba moja haijafika mji mzima, na walipokaribia boma la Job, mazungumzo yalikatika kundi baada ya kundi. Wanaume walitazama viatu vyao. Mama yake Wekoye alisimama ng'ambo ya ua uliotenganisha maboma hayo mawili, upande wake, na hakuthubutu kuvuka.

Wekoye alisimama langoni.

"Siwezi, afande."

Ndani, mhubiri alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka, na watu waliokaa nyuma walikuwa wameweka mikono nyuma ya masikio ili wasikie. Sally akatoka kwenye turubai, amevaa nguo nyeusi ya kuazima. Alikuja mpaka langoni, akamtazama Wekoye kuanzia juu hadi chini.

"Nani amekwambia usimame hapo?"

"Hakuna, shemeji. Mimi tu."

"Jenereta imezima tangu asubuhi. Watu wamelipia spika bure. Wamekuja mafundi wawili wa maneno, wameipiga mateke na kuondoka. Wewe ni fundi ama si fundi?"

Wekoye alikunja mikono ya shati lake jeupe la Jumapili, akapita lango, akapita katikati ya watu wote mpaka nyuma ya nyumba ilipokuwa jenereta, akapiga magoti mbele yake. Alifungua kifuniko, akanusa, akageuka.

"Nani ana spana ya kumi?"

Waendesha boda boda wa Myanga walikuwa wamekaa pembeni na baiskeli zao, wamezifunga vitambaa vyeusi kwa ajili ya mwenzao. Walitazamana kwanza. Halafu yule kijana aliyelitaja jina la Wekoye siku ya kwanza akainuka, akaingiza mkono chini ya kiti cha baiskeli yake.

"Chukua yangu," alisema. "Lakini usiende nayo Kitale."